Waya Chini ya Kiti

Naikumbuka asubuhi moja ya Julai, mwanangu, baridi ya Tunduma inakata masikio, mimi nimepiga magoti ubavuni mwa foklifti ya umeme, vidole vyangu viko chini ya kiti, nasokota kipande cha waya mwekundu chenye urefu wa kidole. Nikakifunga tepu nyeusi. Ilikuwa kazi ya dakika tatu. Hata leo nikipita kwenye ghala lolote nikakuta foklifti imesimama, mkono huu unakwenda wenyewe chini ya kiti kupapasa, na moyo hautulii mpaka nihakikishe hamna kitu. Wenzangu wanadhani nina kichaa kidogo. Waache wadhani.

Nakuambia haya kwa sababu Jumatatu unaanza kazi ya ufundi, Atupele, na mimi tangu uliponipa habari hiyo chakula hakishuki vizuri. Mama yako anasema nifurahi. Nimefurahi, nani kasema sijafurahi? Lakini furaha yangu ina hofu ndani yake, na afadhali nikupe sababu ya hofu hiyo kuliko ubaki kumwona mjomba wako mzee wa kuguna tu.

Nilikuwa na umri kama wako huo. Nimetoka kwetu Hasamba, mtoto wa wakulima wa kahawa, nimesomea umeme na cheti ninacho, nikawekwa chini ya Mzee Nzunda, fundi wa kijiji cha Ruanda, huko huko kwetu Mbozi. Mzee Nzunda hakuwa na cheti hata kimoja. Alikuwa na neno lake moja, akilirudia mpaka unatamani kuziba masikio: "Mashine ikigoma kuwaka, usishike bisibisi. Tafuta pa kukaa. Mwambie anayeiendesha aiwashe mbele yako mara tano, kama anavyoiwasha siku zote. Halafu uliza nini kimebadilika."

Mimi na cheti changu nikawa nacheka kimoyomoyo. Kukaa! Fundi kaitwa kutengeneza, yeye anatafuta ndoo akalie. Wahenga walisema ujana ni moshi, ukienda haurudi. Walisahau kuongeza kwamba ukiwepo unaziba macho.

Baadaye nikapata kazi yangu mwenyewe kwenye ghala la tajiri mmoja pale Tunduma. Tulimwita Hajji. Mtu mpole, ila ana haraka kama watu wote wa mpakani. Katoni za sabuni na madumu ya mafuta ya kula yalikuwa yanapakiwa kwenye semi za kwenda Zambia na Kongo, na foklifti ilikuwa moja tu. Opereta wake alikuwa Simbeye, kijana wa Kinamwanga kutoka Chitete, mkimya, mwenye adabu mpaka inachosha. Ukimwambia karibu chai anashukuru mara tatu kabla hajagusa kikombe.

Sasa sikiliza vizuri hapa, maana hili utalikuta Jumatatu. Foklifti ya umeme ina masharti yake kabla ya kuwaka. Inataka mtu awe amekaa kitini, gia iwe katikati, mguu usiwe juu ya pedeli, ndipo ufunguo uzungushwe. Chini ya kiti kuna swichi inayobonyezwa na uzito wa aliyekaa. Ukinyanyuka, swichi inaachia, mashine inakata umeme wa magurudumu na kuandika namba ya hitilafu kwenye kioo chake kidogo. Haifanyi hivyo kwa ukorofi, inataka tu kujua kama kuna mtu kabla haijatembea.

Foklifti ya Hajji ikaanza kugoma asubuhi. Simbeye akizungusha ufunguo inalia pii, pii, namba inatokea, basi. Akirudia mara tatu nne inakubali. Siku nyingine haigomi kabisa. Na mimi nikiiwasha, inawaka papo hapo! Wapakizi wakapata la kusema. "Simbeye, mashine imekukataa hiyo. Kailipie mahari." Yeye anacheka nao, lakini ukimtazama unaona jasho limemtoka na baridi ile.

Siku tatu nilihangaika nayo. Nilipima betri, nikasugua vichwa vya nyaya, nikabadilisha fyuzi ambazo hazikuwa na tatizo lolote, nikaifungua swichi ya ufunguo na kuifunga tena. Siku ya tatu semi nne zimepanga foleni nje, dereva mmoja Mzambia hachoki kupiga honi, Hajji kasimama mlangoni, tasbihi yake inakwenda mbio. Simbeye akanisogelea.

"Fundi, samahani. Mimi naona inagoma hasa asubuhi pale ninapo..."

"Shuka," nikamwambia. "Wewe kazi yako kuendesha, yangu kutengeneza. Kila mtu na lake."

Akashuka. Laiti ningemwacha amalize! Yalikuwa yamebaki maneno manne matano tu mdomoni mwake, na mimi niliyarudisha tumboni.

Alipokwisha kushuka nikachukua mita nikapima swichi ya kiti. Mita ikasema swichi imekata. Aha, nikajisemea, nimemkamata mchawi. Mwanangu, ucheke tu, ruhusa ninakupa: swichi ilikuwa imekata kwa sababu kiti kilikuwa kitupu. Mtu wa kukikalia nilikuwa nimemfukuza sasa hivi. Swichi nzima kabisa, nikaihukumu kwa kosa la kufanya kazi yake.

Nikaenda kwa Hajji kumwambia swichi ni mbovu, nyingine iagizwe Dar, siku nne hivi. "Siku nne?" akasema. "Fundi, unataka kuniua?" Honi ikapigwa tena nje. Ndipo nikaipiga dairekti. Nikauunga ule waya mwekundu upande na upande wa swichi, ili mashine idhani kuna mtu amekaa wakati wote, awepo asiwepo. Kwa muda tu, nikajiambia. Neno hilo, "kwa muda tu", siku ukijisikia unalisema, weka vifaa chini ukanawe uso.

Simbeye akazungusha ufunguo, ikawaka mara ya kwanza. Wapakizi wakapiga makofi. Hajji akaniagizia soda na chapati mbili. Nikazila nimevimba kichwa, najiona bingwa, na wala sikumuuliza Simbeye alitaka kusema nini.

Jambo nililokuwa silijui, kila mtu pale ghalani alilijua. Wiki mbili kabla, Hajji alikuwa amemwajiri mlinzi mpya wa mchana, Mzee Yohana, naye ni mtu wa Chitete, na ndiye baba mkwe wa Simbeye. Alikuwa zamu siku mbili, anapumzika siku mbili. Aliingia saa mbili asubuhi, wakati ule ule foklifti inawashwa. Na huku kwetu, wewe mwenyewe unajua, mtu haketi juu huku mkwewe amesimama chini. Simbeye akimwona mzee anatokeza mlangoni, ufunguo kauzungusha hajauzungusha, anajikuta amenyanyuka, ameinama, anapiga makofi yale ya taratibu ya kuamkia. Mashine inaona kiti kitupu, inagoma. Ndiyo hitilafu yote hiyo! Siku mzee asipokuwa zamu, inawaka bila neno. Ningekaa kwenye ndoo asubuhi moja tu ningeona kwa macho.

Ikafika Jumamosi. Mimi niko kama hatua kumi, kikombe cha chai mkononi. Simbeye kabeba paleti ya sabuni, gia iko mbele, ameisimamisha mashine kusubiri mpakizi apishe. Mzee Yohana akaingia akitokea getini, funguo zake mkononi. Simbeye akanyanyuka kumwamkia. Na mtu akinyanyuka, mwanangu, hujisukuma kwa mguu, na mguu wake ulikuwa juu ya pedeli ya mafuta. Tunaita mafuta, ingawa mashine ile haina hata tone. Siku zote ingezima. Siku hiyo ilikuwa na waya wangu. Ikaruka mbele, nikasikia sauti ya Simbeye kabla ya sauti ya mzee. Paleti ilimbana mzee mguu ukutani na muundi ukavunjika.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, tulifundishwa hivyo tangu watoto. Mimi sikusikia la mkuu, guu likavunjika la mtu mwingine. Sijui methali ya kunifaa mimi, na nimeitafuta miaka yote hii.

Mzee akapelekwa hospitali, akafungwa plasta ngumu kutoka paja hadi kisigino, kisha watoto wake wakamrudisha Chitete. Simbeye akasimamishwa kazi. Na habari Tunduma haina breki: kufikia jioni sokoni wanasema kuna kijana kamgonga mkwewe na mashine, wengine wanaongeza kwamba walikuwa na ugomvi. Ugomvi gani, hakuna anayeujua. Shemeji zake wakaja kumchukua dada yao na mtoto mchanga, arudi kwao mpaka wazee wakae waamue kama ndoa ile bado ni ndoa. Nilimkuta Simbeye kwenye ngazi ya ghala, amekuja kuchukua koti lake.

"Fundi," akaniambia, "mguu wangu huu sijui ulifanyaje. Nimekosa mke kwa mguu wangu."

Nilikuwa na neno moja la kumrudishia mkewe, nikalimeza.

Hajji aliniambia nikague mashine, nimjulishe kama kosa ni la mashine au la mtu. Nikaenda peke yangu. Plaizi ilinidondoka mara mbili. Nikautoa waya, nikarudisha swichi kama ilivyokuwa, waya nikautia mfukoni, nikarudi ofisini. "Mashine ni nzima, Hajji." Unaona? Sikusema uongo. Wakati huo ilikuwa nzima kweli. Mwoga naye ana namna yake ya kusema kweli.

Siku zilizofuata simwombei hata adui yangu. Pikipiki ikisimama nje, nadhani ni polisi. Jina langu likiitwa, natafuta pa kutokea. Waya wenyewe niliogopa hata kuutupa, nisije nikaonekana nautupa, kwa hiyo nilitembea nao mfukoni, na kila nikitaka kutoa leso naushika. Ugali ukawa mchanga mdomoni. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi ugonjwa wangu ulikuwa mfukoni mwa suruali, hata daktari sikumhitaji kunionyesha ulipo.

Hajji hakuridhika. Jambo lilimkaa vibaya, maana alimjua Simbeye. Wiki ya pili akaagiza Mzee Nzunda aitwe. Nilipomwona anashuka kwenye gari na kofia yake ya sufu, nikarudi nyuma hatua mbili. Hakufungua hata boksi la vifaa. Alichukua ndoo, akaigeuza, akakaa.

"Mwiteni huyo kijana," akasema. Kisha akawauliza wapakizi, "Kabla ya mashine kuanza kugoma, nini kilikuwa kimebadilika hapa?"

Wakatazamana. "Hakuna kitu, mzee," mmoja akajibu. "Labda mlinzi mpya tu, yule mkwewe Simbeye."

Mzee Nzunda akaitikia kwa kichwa taratibu. Simbeye akafika, amekonda, shati linapwaya. "Iwashe, baba, kama siku zote," mzee akamwambia. Simbeye akakaa kitini, akazungusha ufunguo, ikawaka. Mara ya pili, ikawaka. Mzee Nzunda akainuka kwenye ndoo, akatoka nje kama mtu anayekwenda zake, na Simbeye alipokuwa anazungusha ufunguo mara ya tatu, akaingia tena ghafla. "Hamjambo vijana!" Simbeye hata hakufikiri. Akanyanyuka kumwamkia. Pii, pii, namba ikatokea kwenye kioo.

"Basi," akasema Mzee Nzunda. "Mashine hii ikikosa mtu kitini haiendi. Sasa Jumamosi ile ilikwendaje?"

Hajji akanitazama, kwa kuwa fundi ni mimi. Nilitazama sakafu. Mzee akatia mkono chini ya kiti, akapapasa kidogo, akautoa, akanijia na kunipa mkono kama ndiyo kwanza ananisalimia. Vidole vyake vilinata. Gundi ya tepu, mwanangu, haitoki upesi hivyo.

Mbele za watu hakusema kitu. Aliniita kando, karibu na semi.

"Kesho nakwenda Chitete kumwona mgonjwa," akasema. "Nimesikia na wazee watakuwepo, kwa ajili ya ndoa ya huyu kijana. Tutakwenda wote. Mtu akikosea kuunga waya, Jairosi, namfundisha upya. Akimwacha mwenzake abebe kosa lake, sina cha kumfundisha, arudi kwa mama yake."

Niliitikia kwa kichwa.

Barabara ya Chitete siku zile ilikuwa mashimo matupu, na njia nzima nilikuwa naomba gari lipate pancha. Halikupata. Tukamkuta Mzee Yohana uani, amelazwa kwenye mkeka, mguu wenye plasta umewekwa juu ya gunia lililokunjwa. Wazee wamekaa, shemeji wamesimama. Simbeye, ambaye alitangulia kwa miguu yake na aibu yake, alikuwa kule karibu na zizi, hakuruhusiwa kusogea. Mkewe alikuwa ndani, tunamsikia anabembeleza mtoto.

Nilipiga magoti. Nikautoa waya mfukoni nikauweka kwenye mkeka.

"Huu ndio uliokuvunja, baba, si Simbeye. Mashine ile huzima mtu akinyanyuka. Mimi niliifunga isizime. Simbeye hakukugonga. Alikuwa ananyanyuka kukuamkia. Na baadaye nikautoa nikaficha, nikamwacha yeye abebe lawama."

Shemeji mmoja akanijia, Mzee Nzunda akainua mkono, yule shemeji akasimama. Nilifumba macho nikisubiri kofi. Halikuja. Nilipofumbua, Mzee Yohana hakuwa akinitazama mimi. Alikuwa anatazama zizini.

"Simbeye," akaita. "Ulikuwa unaniamkia?"

"Ndiyo, baba."

Mzee akavua kofia, akajifunika nayo uso, na mabega yakaanza kutikisika. Wazee wakainama. Alipokuwa tayari kusema akasema hivi: "Mfupa utaunga. Mimi kilichokuwa kinaniua ni kwamba nilimwona mkwe wangu ananijia na ile mashine, na siku zote hizi najiuliza nimemkosea nini." Kisha akageuka kuelekea mlangoni, alikokuwa binti yake. "Mama, mlete mtoto, umpe baba yake."

Simbeye alikuja kutoka zizini, akachuchumaa mbele ya mkewe na mkwewe, akashindwa hata kupiga yale makofi. Mimi nikataka kuinuka niondoke. "Wewe," Mzee Yohana akaniambia, "usiuache waya wako hapa. Chukua. Usiutupe." Nikauchukua.

Hajji aliniachisha kazi, na ilikuwa haki yake. Simbeye alirudi kwenye foklifti yake. Mzee Nzunda alinipokea tena kwa sharti moja: mwaka mzima sikushika bisibisi, kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye ndoo na kuuliza. Mzee Yohana alitembea na fimbo mpaka alipofariki, na kila tulipokutana Tunduma aliwahi yeye kunisalimia. Nadhani hakujua ilivyokuwa inaniuma. Au alijua.

Sasa, Atupele. Utakuta mashine imegoma, na watu wanapiga honi, na bosi anazungusha kitu chake mkononi. Kaa. Anayeiendesha mwache aseme mpaka maneno yamwishie, hata kama unaona anapoteza muda wako, hata kama hajui kusoma. Usipime kitu huku umemfukuza mtu wake. Swichi ya usalama usiifunge kamwe, mwanangu, kamwe, wakuite mjinga, wakufukuze, njoo nyumbani tutakula mahindi. Na ukikosea, maana utakosea, wewe ni damu yangu, sema siku ile ile kabla jua halijazama. Kosa la asubuhi lina uzito wa mtu mmoja. Likilala, anakuja kulibeba mwingine.

Wanasema haraka haraka haina baraka. Mimi nitakupa baraka yenyewe ili usiitafute kwenye haraka. Pitia hapa Jumatatu kabla hujaenda. Mita yangu nimeitia betri mpya, ni yako. Kwenye mfuko wake utakuta kipande cha waya mwekundu, urefu wa kidole, bado kina gundi kidogo. Kiache humo humo.

Nenda, mwanangu. Mungu akusimamie mikono, akupe masikio ya kumsikia mnyonge. Akurudishe jioni ukiwa mzima, na kila uliyemkuta kazini asubuhi arudi kwake kwa miguu yake mwenyewe.